Kula ni Lazima: Ujanja na Wizi katika Michezo ya Mitaani Nairobi

Kawangware na Kibera kuna kusubiri kwingi. Bodaboda husubiri abiria, fundi husubiri kazi, mwenye kioski husubiri watu warudi jioni kutoka mjini. Ndani ya kusubiri huko drafti imejipatia makao. Ubao umechorwa kwa kalamu juu ya kipande cha plaiwudi, na kete ni vifuniko vya soda, 12 kila upande. Jeshi moja limelazwa kifudifudi, jingine chali. Wachezaji ni wawili tu, lakini mchezo una wenyewe wengi: waliosimama kuuzunguka.

Hao waliosimama ndio walinzi wa mpaka ambao haujaandikwa popote, mpaka kati ya ujanja na wizi.

Sheria ya drafti inayobeba ujanja wote ni moja: kula ni lazima. Aliyefunguliwa nafasi ya kula hana hiari, hata akiona mtego. Kwa hiyo mchezaji hodari hutoa kafara. Husukuma kifuniko kimoja mbele, pengine viwili, adui ale na kuvutwa hadi pale alipokuwa akitakiwa. Kisha vifuniko vyake vitatu vinarukwa kwa mpigo mmoja na mwenzake anaingia kingi. Wengine huongeza maigizo. Hushika kichwa, huguna, hujifanya mkono umeteleza. "Kula, mzee, unangoja nini?" watazamaji wanamhimiza yule mwingine, wakijua fika kinachomsubiri. Haya yote yanaruhusiwa, tena yanasifiwa, kwa sababu kila kifuniko kilikuwa wazi mbele ya macho ya aliyetegwa. Alidanganywa kuhusu nia ya mwenzake, ubao haukumdanganya.

Kusogeza kifuniko kwa kiwiko wakati mwenzako ameitwa na mteja ni jambo jingine kabisa. Hapo kelele hupigwa, kifuniko hurudishwa kilipokuwa (wapo wanaokumbuka ubao mzima), na jina la aliyekisogeza huharibika kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Mtazamaji naye ana mipaka yake: iwapo wawili wamewekeana soda, anayenong'oneza hatua hufukuzwa.

Kwenye kadi mambo huwa magumu zaidi, maana wachezaji ni wengi na silaha zimefichwa mkononi. Mbili na tatu humwokotesha adui, jeki humruka, kingi hugeuza mzunguko, na anayekaribia kumaliza sharti atangaze: "Niko kadi!" Asipotangaza, hawezi kumaliza. Tangazo hilo linastahili kuangaliwa kwa makini. Mchezo unaomruhusu mtu kuficha kila kitu unamlazimisha kusema ukweli mahali pamoja, pale ambapo kunyamaza kungewanyima wengine nafasi ya kujitetea. Mwenye asi, karata inayomruhusu kuchagua aina ya karata itakayofuata, anaweza kuomba maua ili kuficha kwamba amejaa kopa, na huo ni ujanja halali. Mtu akikalia karata moja, au wawili wakipigiana macho ili kummaliza wa tatu, karata hukusanywa na kugawanywa upya.

Ndiyo maana pata potea, mchezo wa kubashiri karata iliko, inachukiwa. Mwenye karata tatu huzungusha mikono upesi, na mpita njia huona mtu akibashiri na kushinda. Mshindi huyo ni mwenzake. Hata anayemshauri mgeni aongeze dau ni mwenzake. Umati, ambao kwenye drafti ni hakimu, hapa umeingizwa ndani ya wizi wenyewe, na mgeni hana wa kumtetea.

Vijana wamehamishia vita vyao kwenye skrini, lakini mizani yao ni ileile. Katika vibanda vya PlayStation, penalti ikifika, mchezaji hufunika kontrola kwa shati ili mpinzani asisome vidole vyake, na hakuna anayemlaumu. Kusimamisha mchezo ghafla mpinzani akiwa amebaki na kipa kunaweza kuzua ugomvi. Kwenye Call of Duty: Mobile, iliyotoka mwaka 2019, mshambuliaji huanza kutega bomu, huacha, kisha humvizia anayekuja mbio kulizuia. Hicho ni chambo cha drafti kwa sura nyingine. Anayetumia programu ya kuona maadui nyuma ya ukuta hajamshinda mtu yeyote. Amecheza mchezo mwingine huku wenzake wakidhani wako naye.

Tofauti iko kwenye adhabu. Kampuni humfungia mwizi akaunti, naye anaweza kufungua nyingine kwa jina jipya. Steji ya bodaboda haina jina jipya la kumpa mtu. Labda ndiyo sababu vijana wenye simu zao, ambao wangeweza kucheza kila mmoja kitandani kwake, bado hupenda kubanana kwenye benchi moja, bega kwa bega, huku wasio na bando wakisimama nyuma yao kutazama na kupiga kelele.