Je, Mchukuzi wa Bastola Alazimishwe Kujifunza Kwanza?

Wasimamizi wa madarasa, ongezeni sauti ya redio kidogo, na wale walioketi nyuma wasogee mbele. Maneno nitakayosema yamepigwa chapa katika karatasi mliyopewa. Anayeweza kuyafuata kwa kidole, na ayafuate.

Leo tuna maneno matatu ya kuandika ubaoni. La kwanza ni LESENI. Leseni ni ruhusa ya serikali iliyoandikwa. La pili ni BASTOLA, yaani bunduki fupi ya kushikwa kwa mkono, ambayo mtu aweza kuificha ndani ya koti. La tatu ni MAFUNZO, na hilo hamhitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa ndilo lililowatoa nyumbani jioni hii.

Sasa swali lenyewe. Mtu akitaka kutembea barabarani na bastola kiunoni, je, serikali imlazimishe kujifunza kwanza kabla ya kumpa leseni? Tutalitazama swali hili katika nchi ya Marekani. Kule watu hulibishania sana, tena kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria yake, hata mtu aweza kuvuka mpaka tu akakuta jambo lililokatazwa upande mmoja limeruhusiwa upande wa pili. Baadhi yenu huenda mna jamaa kule. Wakongo wengi wasemao Kiswahili wamepokewa katika nchi ile kama wakimbizi, na sheria hizi sasa zawahusu wao pia.

Tuanze na chombo chenyewe. Bastola nyingi za siku hizi hutiwa risasi katika kijaluba cha chuma, nacho husukumwa ndani ya mpini. Wenye kazi yao hukiita magazini. Mtu asiyejua hukichomoa kile kijaluba, akakiweka mezani, akasema, "Bastola haina kitu." Kumbe risasi moja imebaki ndani, nyuma ya mtutu, mahali pasipoonekana. Akimwonyesha rafiki yake, na kidole kikagusa kile kichuma cha kufyatulia, yule rafiki ameanguka. Watu wamekufa kwa namna hii, mikononi mwa watu waliowapenda.

Ndiyo sababu walimu wa silaha huanza na kanuni nne. Hesabu kila bunduki kuwa imejaa. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Usitie kidole penye kifyatulio mpaka umekwisha kulenga. Tena ujue unachopiga, na kilicho nyuma yake. Hii ya nne husahauliwa sana. Kuta za ndani katika nyumba nyingi za Marekani ni nyembamba, na risasi ya bastola hupita ndani yake ikaingia chumba cha pili alikolala mtoto.

Lakini kulenga si nusu ya kazi. Jambo gumu ni kujua wakati wa kutopiga. Mtu amekutukana mbele ya watu. Mwingine amekuibia, sasa anakimbia na mgongo wake umekuelekea. Je, sheria yakuruhusu kupiga? Majibu yamo katika vitabu vya sheria, nayo hutofautiana toka jimbo hata jimbo. Hakuna awezaye kuyabahatisha usiku, moyo ukimdunda.

Sasa tutazame majimbo mawili. La kwanza ni Texas. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mji wa Killeen, mtu mmoja alivunja dirisha la mkahawa kwa gari lake, akaingia, akaua watu 23 kwa bastola. Bibi Suzanna Hupp alikuwamo pamoja na wazazi wake. Alikuwa na bastola yake, lakini aliiacha garini, kwa sababu sheria ya Texas wakati ule haikumruhusu kuichukua. Baba yake na mama yake waliuawa wote wawili. Aliisimulia habari hiyo mara nyingi mbele ya watunga sheria, na mwaka 1995 Texas ilipitisha sheria ya kutoa leseni.

Sheria ile ilitaka mafunzo ya saa 10 hadi 15. Ulikuwapo mtihani wa maandishi, na mtihani wa shabaha wa risasi 50, toka umbali wa yadi 3, yadi 7 na yadi 15. Alama kamili ni 250, na apataye 175 amefaulu. Mwaka 2013 saa za mafunzo zilipunguzwa zikawa 4 hadi 6. Kisha, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu wa miaka 21 au zaidi ambaye hakukatazwa na sheria kuwa na silaha aweza kuchukua bastola bila leseni, na kwa hiyo bila somo hata moja. Leseni bado hutolewa kwa aitakaye. Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa hayadai tena leseni ya kuchukua bastola, pamoja na Vermont ambayo haikupata kuidai kamwe.

Angalieni hesabu hiyo: saa 15, kisha saa 6, kisha hakuna. Bastola yenyewe haikubadilika.

Jimbo la pili ni New York, nalo limekwenda njia nyingine. Tangu mwaka 1911 lilikuwa na sheria ngumu ya leseni. Mwombaji wa leseni ya kuchukua bastola alitakiwa kumwonyesha afisa kwamba ana sababu ya pekee, kuliko ya watu wengine, na afisa ndiye aliyepima. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ililifuta sharti hilo, majaji 6 wakikubali na 3 wakikataa. Walisema kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, yampa raia wa kawaida haki ya kuchukua silaha ili ajilinde. Hawakuyakataza mafunzo. Walionya tu kwamba ada kubwa mno au kungojeshwa muda mrefu mno kwaweza kuwa njia ya kumnyima mtu haki yake.

Basi New York ikatunga sheria mpya, iliyoanza tarehe 1 Septemba 2022. Mwombaji hukaa darasani saa 16, kisha hupiga shabaha uwanjani saa 2. Katika mtihani wa maandishi hutakiwa kupata alama 80 katika 100. Hufundishwa namna ya kuhifadhi silaha nyumbani, namna ya kutuliza ugomvi, na ni wakati gani sheria huruhusu kutumia nguvu ya kuua. Hufundishwa pia namna ya kuzuia watu wasijiue, na hapa wasikilizaji wengi watashangaa. Lakini mwaka 2022 watu zaidi ya 48,000 walikufa kwa bunduki katika Marekani, na zaidi ya 27,000 kati yao walijiua wenyewe. Kwa watu hawa zile kanuni nne hazifai kitu. Kinachofaa ni kufuli, na jamaa anayejua kumwomba mwenye huzuni amkabidhi silaha yake kwa muda.

Mpaka hapa nadhani wengi wenu mmekwisha kata shauri. Dereva wa basi hufanya mtihani. Kwa nini mwenye bastola asifanye? Mimi nami nilisema hivyo. Wapinzani hujibu kwamba kuendesha gari ni ruhusa, bali kujilinda ni haki, na haki haifanyiwi mtihani. Nakiri kwamba mwanzoni sikuyajali maneno yao. Niliyaona ni maneno ya wanasheria. Kisha nikakumbuka jambo linalotuhusu sisi wa madarasa ya watu wazima.

Katika majimbo ya kusini ya Marekani, mtu aliyetaka kupiga kura alilazimishwa kufanya mtihani wa kusoma. Kwa maneno tu, sharti hilo laweza kuonekana jema. Lakini sikilizeni lilivyotumiwa. Katika jimbo la Mississippi, karani alimpa mwombaji kifungu cha katiba ya jimbo, akamwambia akisome na kueleza maana yake. Karani huyo huyo ndiye aliyeamua kama maelezo yametosha. Mzungu alipewa kifungu chepesi, akapita. Mtu mweusi, hata akiwa mwalimu wa shule, aliambiwa hakuelewa. Mambo hayo yaliendelea mpaka sheria ya haki ya kupiga kura ilipotiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1965.

Katika leseni za silaha pia ilitokea hivyo. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya mchungaji Martin Luther King ilitupiwa bomu mjini Montgomery, jimbo la Alabama, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. Hawakuumia. King aliomba leseni ya kuchukua bastola. Akanyimwa. Kama yuko mtu aliyekuwa na sababu, ni yeye. Lakini sababu yake ilipimwa na maafisa wa mji ule ule uliokuwa ukimtesa. Baadaye aliamua mwenyewe kuishi bila silaha kabisa, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo mkisikia mtu mweusi wa Marekani akisema, "Sitaki serikali inifanyie mtihani kabla ya kunipa haki yangu," msimcheke. Babu yake aliuona mtihani.

Twende polepole hapa, maana ndipo penye uzito. Iko mitihani ya namna mbili. Katika mtihani wa shabaha wa Texas, mtu hupiga risasi 50, kisha matundu katika karatasi yahesabiwa. Alama 175 ni 175, awe tajiri au mfagiaji wa ofisi. Katika mtihani wa Mississippi, alama zilikaa moyoni mwa karani, wala hakuna aliyeziona. Namna ya kwanza hufundisha. Namna ya pili hufunga mlango.

Kisha kuna gharama. Saa 18 za New York ni siku mbili au zaidi za kazi zilizopotea, na ada ya mwalimu huweza kufika dola mia kadhaa. Mwenye duka kubwa hulipa bila kuhisi. Lakini mfikirieni mama anayesafisha ofisi usiku, anayerudi saa nane kwa miguu katika mtaa wenye wezi. Ndiye mwenye hofu ya kweli, naye ndiye asiyeweza kulipa.

Mtaniuliza mimi naonaje. Naona mafunzo yawe ya lazima, ila yule anayelazimisha ndiye alipe. Serikali ikisema lazima ujifunze, ifungue darasa bila ada, jioni na siku za mapumziko, kama hili lenu. Asiyejua kusoma aruhusiwe kujibu kwa mdomo. Alama zitangazwe mapema, na afisa asiwe na neno la kuongeza. Wengine watasema nasema hivi kwa sababu ni mwalimu, na mwalimu kila ugonjwa huutibu kwa somo. Huenda ni kweli. Lakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wapata 61 katika kila wenye bunduki 100 wa Marekani wamepata mafunzo rasmi. Mimi nawawaza wale 39 waliobaki, na yule risasi moja iliyojificha nyuma ya mtutu inayemngoja.

Sasa zimeni redio, mzungumze kwa nusu saa. Msimamizi asitoe maoni yake mpaka wote wamesema. Maswali ni haya. Yule mama msafishaji, kama darasa la bure halipo, apewe leseni bila mafunzo au anyimwe? Afisa akimjua mwombaji kuwa ni mgomvi, lakini amefaulu mtihani, afanye nini? Na nyinyi wenyewe, mmewahi kunyimwa jambo kwa sababu ya karatasi msiyoweza kuisoma?

Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu katika daftari lake, akitumia maneno LESENI, BASTOLA na MAFUNZO. Wanaoanza kuandika waandike neno moja tu, lakini waliandike vizuri. Kwaherini.