Kabla hawajakuformatia mashini

Mafundi wa kompyuta wa Lubumbashi wana dawa moja wanayoipenda kuliko zote, na jina lake ni la Kifaransa: formater, yaani kufuta diski na kuanza upya. Mashini inakokota miguu? Formater. Ina virusi? Formater. Umejiwekea Windows mpya jana usiku, na leo asubuhi skrini ni nyeusi tii, na mstari mmoja tu wa herufi nyeupe pale juu kushoto? Formater, tena upesi, kabla délestage, zamu ya kukatiwa umeme, haijaanza.

Mimi dawa hiyo nimeinywa. Kibanda kilikuwa pembezoni mwa soko la Kenya (wasomaji wa Nairobi na Mombasa wasishtuke, Kenya kwetu ni komini ya mji, na soko lake halina mgeni). Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu ya mezani kwenye toroli, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Kijana akaiwasha, akasoma maneno yaliyotokea, No bootable device, akanigeukia na uso wa huruma.

“Papa, hii njo imekufa. Bintu byako uliweka fasi ingine?”

Nikasema hapana.

“Basi, tuformater tu.”

Saa moja baadaye nilikuwa na Windows safi, imenyooka kama shati la Jumapili. Mahojiano niliyoyakusanya kwa miaka mitatu na wastaafu wa migodi yalikuwa yamekwenda na maji. Wawili kati ya wazee wale wameshafariki.

Kilichonifungua macho ni kwamba siku tisa baadaye, baada ya usiku mzima bila umeme, maneno yaleyale yalirudi kwenye skrini ileile. Safari hii nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Hakuweka flashi yoyote. Aliingia kwanza kwenye BIOS, pale penye mipangilio ya mashini, akatazama tarehe. Mashini ilidhani tuko miaka kadhaa nyuma. Akacheka peke yake, akafungua kifuniko, akachomoa betri ya duara yenye ukubwa wa sarafu, ile ya CR2032 ya volti 3, akachomeka mpya. Kisha akarudi BIOS, akabadilisha mpangilio mmoja kutoka Legacy kwenda UEFI, akahifadhi, akawasha. Windows ikaja. Hakugusa faili hata moja.

Hapo ndipo nilipoelewa uchungu wa kisa changu. Betri ile ndogo ndiyo inayolinda saa na mipangilio ya mashini wakati imezimwa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani na umeme upo, betri hiyo haifanyi kazi kubwa, kwa sababu saa hulishwa na umeme wa ukutani. Umeme ukikatika kila siku, betri hubeba mzigo peke yake na kuisha mapema. Ilipokufa, mashini ilisahau mipangilio yake na kurudi ilivyotoka kiwandani: ikawa inatafuta mfumo kwa njia ya kizamani, wakati mfumo wangu ulikuwa umewekwa kwa njia mpya. Yule kijana wa kwanza alibadilisha mpangilio uleule, lakini kwa sababu nyingine: ili flashi yake ikubali kuwaka. Maana yake mashini ilikuwa imeshapona pale pale, kabla hajafuta chochote. Kufuta kulikuwa nyongeza.

Tuseme kidogo kuhusu kuwaka kwenyewe, maana hapa ndipo fundi mzuri na mharibifu wanapoachana njia. Kompyuta ina kitendawili tangu kuzaliwa. Ili isome programu kutoka kwenye diski, inahitaji programu ya kuisoma diski. Na programu hiyo, je, itasomwa na nani? Kwa hiyo watengenezaji wakaweka programu ndogo ndani ya ubao wenyewe, ile carte mère, ambayo huamka kwanza na kumwamsha mwenzake aliyelala kwenye diski. Katika kompyuta za IBM za mwaka 1981 mwamshaji huyo aliitwa BIOS. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye kipande cha kwanza kabisa cha diski, baiti 512 tu, akakabidhi kazi. Mrithi wake, UEFI, hatafuti kipande cha kwanza. Anatafuta chumba kidogo kilichofichwa kwenye diski, mara nyingi MB 100 hivi kwa Windows, ambamo mna faili ya kuanzishia.

Ugomvi mwingi wa baada ya kuweka mfumo mpya ni wa hawa wawili kutoelewana mlango. Mmoja anagonga mbele, mwenzake yuko nyuma ya nyumba. Diski ni nzima, picha za harusi zimo, TFC (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) imo, hesabu za duka zimo, lakini kwa mtazamaji “imekufa”.

Ugomvi huo huonekana pia wakati wa kuweka mfumo. Flashi ikiwaka kwa njia ya kizamani, Windows hukataa na kusema kwa Kifaransa kwamba diski uliyochagua ina mtindo wa GPT, yaani ule wa njia mpya. Nimeona vijana wakisoma sentensi hiyo na papo hapo kufungua dirisha jeusi, kuandika diskpart, halafu clean. Neno fupi, la heshima, kama mama anayefagia ua. Linafuta orodha nzima ya vyumba vya diski bila kukuuliza mara mbili. Na mara nyingi dawa ilikuwa kuzima mashini, kuiwasha tena, kubonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, na kuchagua flashi ileile pale ilipoandikwa UEFI mbele ya jina lake. Sentensi ya diski isingetokea.

Kuna pia kosa la kuchekesha. Mtu anaweka Windows, mashini inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi kama ilivyo desturi yake, na kwa kuwa flashi bado imechomekwa, inaanza kuweka tena tangu mwanzo. Mwenyewe anadhani imegoma. Anarudia mara nne, usiku unaisha. Chomoa flashi, ndugu yangu.

Kwetu Lubumbashi hatuwezi kuongea habari za mashini zinazokataa kuwaka bila kuutaja umeme. Mitambo inayotulisha ilijengwa kwa ajili ya shaba kabla ya kufikiriwa nyumba zetu: Mwadingusha kwenye mto Lufira tangu mwaka 1930, kisha Koni, Nzilo na Nseke katika miaka ya hamsini, halafu ile laini ndefu kutoka Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, iliyoanza kazi mwaka 1982. Migodi imeongezeka, mji nao umetanuka hadi komini ya Annexe, na zamu za kukatiwa umeme zimekuwa sehemu ya ratiba ya familia, kama sala. Windows haijui ratiba hiyo. Inapojisasisha huandika upya faili zake za kuamkia, na umeme ukikatika katikati ya mstari, asubuhi utakuta duara linazunguka bila kufika. Ndiyo maana laptopu kuukuu yenye betri inayoshika nusu saa ina thamani kwetu kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu mara mbili. Usianze sasisho bila betri. Hili nalisema kwa sauti ya mtu aliyelipia.

Sasa, duara likizunguka bila mwisho, kuna chumba cha dharura ndani ya mashini ambacho wateja wengi hawajawahi kuonyeshwa. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, hukifungua yenyewe. Ikiwa haikifungui, bonyeza kitufe cha kuzimia kwa sekunde kumi wakati ule ule inapoanza kuwaka, rudia, na mara ya tatu utasoma “Réparation automatique”. Kama bado inawaka lakini kwa shida, shika Maj (Shift) huku unabonyeza Redémarrer. Chumba hiki cha dharura kwenye mashini zetu kinaongea Kifaransa. Ingia Dépannage, kisha Options avancées. Hapo kuna kutengeneza uanzishaji, kuna kuondoa sasisho la mwisho (dawa nzuri sana kama ugonjwa ulianza baada ya sasisho), kuna kurudisha mfumo ulivyokuwa juma lililopita.

Ukiona “Réinitialiser ce PC”, soma polepole. Inakuuliza: Conserver mes fichiers, au Supprimer tout. Ya kwanza huweka Windows upya na kuziacha nyaraka zako, ingawa programu ulizoongeza zitaondoka. Kati ya mistari hiyo miwili kuna upana wa kidole, na huo ndio upana wa mahojiano yangu ya miaka mitatu.

Julai 19, 2024, dunia nzima ilipata darasa la jambo hili. Sasisho bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike liliangusha mashini milioni 8.5 za Windows kwa mkupuo, katika viwanja vya ndege, benki na hospitali. Zilikuwa zinawaka, zinaanguka skrini ya buluu, zinawaka tena. Mafundi wa mashini hizo hawakufuta diski. Waliingia kwenye chumba kilekile cha dharura, wakafuta faili moja, wakawasha. Kilichowachelewesha wengi ni ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48, kwa kila mashini yenye diski iliyofungwa.

Tarakimu hizo zinakuja mlangoni kwetu pia. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida Oktoba 14, 2025, na watu wanahamia Windows 11, ambayo kuanzia toleo la 24H2 hufunga diski yenyewe ukiiweka upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft. Fundi akigusa mpangilio wa BIOS bila kuuliza, skrini ya buluu inadai ufunguo. Ufunguo uko kwenye akaunti yako, uandike kwenye daftari leo. Na kwa kuwa tarakimu za kibodi yetu ya AZERTY zinahitaji Maj, jua kwamba kwenye skrini hiyo F1 hadi F9 ni 1 hadi 9, na F10 ni sifuri.

AZERTY ina visa vyake. BIOS ya jirani yangu ilikuwa imefungwa na mtu wa mbali mwenye kibodi ya Kiingereza, naye akapewa neno la siri: mama. Akaandika mama mara tatu, ikakataa mara tatu. BIOS nyingi hazijali herufi zilizochorwa kwenye vitufe, zinadhani kila kibodi ni ya Waingereza na Wamarekani. Pale palipochorwa A BIOS husoma q, na palipochorwa M husoma nukta-mkato. Ili kuiambia “mama”, ilibidi abonyeze mkato, Q, mkato, Q. Alipoingia alipiga makofi hadi watoto wakatoka nje kuangalia.

Mwezi uliopita zamu ilinifikia mimi kuwa daktari. Mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, alikuja jioni na laptopu iliyokatiwa umeme katikati ya sasisho, betri yake ikiwa imechoka zamani. TFC yake ilikuwa humo, na utetezi ulikuwa Alhamisi. Hakuwa analia, alikuwa kimya, jambo ambalo ni baya zaidi.

“Tonton, kule mujini banasema baformater.”

Tukaingia chumba cha dharura. Kutengeneza uanzishaji kukashindwa. Kurudisha mfumo kukashindwa. Nikafungua Invite de commandes, dirisha jeusi, na badala ya amri za kutisha nikaandika neno moja: notepad. Daftari dogo jeupe likafunguka juu ya weusi. Akaniangalia kama nimepungukiwa. Lakini daftari hilo lina Fichier, kisha Ouvrir, na ukichagua kuonyesha faili za aina zote, unaiona diski nzima, pamoja na flashi uliyochomeka. Ilitusumbua kidogo kwa sababu humo ndani herufi za diski huhama. Iliyokuwa C ilikuwa imejiita D. Tukafungua Users, kisha jina lake, kisha Documents. TFC ilikuwa imekaa pale, toleo la kumi na moja, na tarehe ya siku ile.

Bonyeza kulia, Copier. Ingia kwenye flashi, Coller. Dirisha lile halionyeshi mstari wa maendeleo, linaganda tu, nawe huna la kufanya zaidi ya kungoja. Nje jenereta ya jirani ilikuwa inakohoa. Dirisha likaachia. Tukafungua flashi: faili ipo, uzito wake ni uleule. Tukaipeleka kwenye simu yake, ikafunguka hadi ukurasa wa shukrani.

Akachomoa flashi, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake, mafundo mawili, kama bibi yake alivyokuwa anafunga pesa za soko. Ndipo akacheka.

“Sasa, tonton, tuformater.”