Kabare: Nguruwe akiugua, pima kabla ya kuuza

Lwiro, wilayani Kabare, inajulikana kwa kituo chake cha utafiti, CRSN, kilichotokana na IRSAC ya mwaka 1947. Ila katika nyumba nyingi za Kivu Kusini, swali la sayansi ni dogo na la haraka: nguruwe huyu anaumwa nini?

Nguruwe ni akiba. Akiuzwa, minervali ya mtoto inalipwa. Akipata homa, wengine wanamdunga antibiotiki, wengine wanamuuza kabla hajafa. Kama ni homa ya nguruwe ya Afrika, dawa haisaidii, na nyama hupeleka virusi kwenye mazizi mengine. Binadamu haambukizwi.

Kwa macho, dalili zake hufanana na za magonjwa ya bakteria yanayotibika. Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi katika damu, ndicho hutenganisha. Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Bukavu, walichapisha vinasaba vyote vya virusi vilivyopatikana kwa nguruwe wa Uvira.

Mfugaji afanye nini? Amwite veterineri achukue damu. Akisubiri majibu, asiuze, asichinje, na mzoga aufukie.