Mawe yafichua siri za Mithras, mungu wa askari wa Roma

KILA Desemba inapowadia, hoja moja huzuka upya miongoni mwa wapenzi wa mijadala ya dini: kwamba sikukuu ya Krismasi, na hata baadhi ya ibada za Kikristo, zilinyakuliwa kutoka kwa mungu wa kale aliyeitwa Mithras. Wanaoitetea hoja hiyo huizungumzia kana kwamba wafuasi wa mungu huyo waliacha msahafu wao. La hasha. Hakuna kitabu chao kitakatifu hata kimoja kilichopatikana. Mengi yanayojulikana kuwahusu yametokana na mawe, sanamu, michoro ya ukutani na mifupa iliyofukuliwa ardhini.

Jina Mithras lina asili ya Uajemi, ambako Mithra aliabudiwa tangu zama za kale. Hata hivyo, dini yenye jina hilo ilijitokeza katika Dola ya Roma kuelekea mwisho wa karne ya kwanza baada ya Kristo, ikashamiri katika karne ya pili na ya tatu. Ilienezwa zaidi na askari, maafisa wa forodha, wafanyabiashara na watumwa, baadhi yao wakiwa wamekwisha kuachwa huru. Mahekalu yake yamefukuliwa kutoka Uingereza hadi Dura-Europos nchini Syria, na pia Lambaesis, ngome ya jeshi la Roma iliyokuwa katika Algeria ya leo. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba wanawake waliruhusiwa kujiunga.

Pango la ibada

Hekalu la Mithras lilikuwa dogo na lenye giza, likijengwa mfano wa pango. Kando ya kuta mbili ndefu palikuwa na viunzi vya mawe ambapo waumini waliegemea wakila pamoja. Mbele kabisa palisimamishwa sanamu ya Mithras akimchinja fahali, mbwa na nyoka wakiirukia damu, naye nge akimshika mnyama huyo sehemu za siri. Kunguru, jua na mwezi huonekana juu yake. Wataalamu wengi huihusisha picha hiyo na nyota za angani, lakini maana yake kamili ingali inabishaniwa.

Waumini walipanda ngazi saba: Kunguru, Bwana Harusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mkimbiza Jua na hatimaye Baba. Katika mji wa bandari wa Ostia, karibu na Roma, sakafu ya hekalu moja imenakshiwa kwa vijiwe alama za ngazi zote saba. Huko Tienen, Ubelgiji, wanaakiolojia walikuta mabaki ya kuku wengi mno waliochinjwa kwa karamu moja kubwa, ishara kwamba sherehe nyingine zilivuka kuta za pango.

Mtindo wa mwanga nao ulikuwa na nafasi yake. Katika hekalu la Carrawburgh, kando ya Ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza, lililogunduliwa mwaka wa 1949, madhabahu moja inamwonyesha Mithras akiwa na miale kichwani. Miale hiyo ilitobolewa ili taa ikiwekwa nyuma ya jiwe, kichwa cha mungu king'ae gizani.

Foleni jijini London

Ugunduzi uliovuma zaidi ulifanyika London mnamo Septemba 18, 1954. Wanaakiolojia wakiongozwa na W. F. Grimes walikuwa wakikamilisha uchimbaji katika kiwanja kilichoharibiwa na mabomu ya Vita Vikuu vya Pili, ndipo wakapata kichwa cha marumaru cha Mithras. Habari zilipotangazwa, watu wanaokadiriwa kufika 400,000 walipiga foleni katika muda wa wiki mbili ili kujionea. Magofu hayo yalihamishwa kupisha jengo la ofisi, na mwaka wa 2017 yakafunguliwa kwa umma karibu na mahali pake pa asili, mita saba chini ya barabara ya leo.

Jinsi dini hiyo ilivyofifia pia imeandikwa mawe kwa mawe. Mnamo mwaka wa 308, watawala wa Roma waliokutana Carnuntum, katika Austria ya leo, walimtolea Mithras madhabahu kama mlinzi wa dola yao. Miaka michache baadaye Konstantino aliunga mkono Ukristo, na mwishoni mwa karne hiyo Kaisari Theodosius akapiga marufuku ibada za miungu. Baadhi ya sanamu zilivunjwa kwa makusudi. Chini ya kanisa la San Clemente jijini Roma, hekalu la Mithras lingalipo hadi leo, huku makanisa mawili ya zama tofauti yakiwa yamejengwa juu yake.

Nani alimwiga nani?

Ubishi huu si wa jana. Katika karne ya pili, Justin Mfiadini alilalamika kwamba wafuasi wa Mithras walitumia mkate na kikombe cha maji, akidai kwamba mashetani walikuwa wameiga Ekaristi. Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, alitoa malalamiko ya namna hiyo.

Kuhusu Desemba 25, kalenda ya Roma ya mwaka wa 354 inaitaja siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", ambaye kwa kawaida huchukuliwa kuwa Jua. Ni kweli kwamba Mithras naye aliitwa Jua Lisiloshindwa, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia. Lakini hakuna maandishi ya kale yanayojulikana yanayosema kwamba Mithras alizaliwa tarehe hiyo. Sanamu zake humwonyesha akichomoza kutoka mwambani, tayari kijana, ameshika kisu na mwenge. Wala hazimtaji mama, bikira wala mwingine yeyote.

Kufanana kwa karamu za dini hizo mbili basi kunaweza kuelezwa bila wizi: zote zilikua katika miji ile ile, miongoni mwa watu waliozoea kula pamoja kwa heshima ya miungu yao. Anayetaka kudai zaidi ya hayo atahitaji ushahidi ambao bado haujafukuliwa.