Waliovuka Mto Rusizi na Bunduki
Sehemu ya Pili: Njia mbili za maofisa wawili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalivyotekelezwa Cyangugu mwaka 1994. Leo tunawafuata wapiganaji waliovuka mto na silaha zao, tuone waliishije huko porini, na kwa nini baadhi walirudi na wengine wakafia huko.

Ukisimama Cyangugu, mji wa zamani ulio chini ya Kamembe, Bukavu unaiona waziwazi. Hapa Ziwa Kivu humwaga maji yake katika Mto Rusizi, na daraja la mpakani ni fupi. Mama mwenye beseni la samaki wa sambaza kichwani hulivuka kwa dakika chache tu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi 21 Agosti 1994, eneo hili lilikuwa chini ya jeshi la Ufaransa katika Operesheni Turquoise. Katika wiki hizo umati wa raia waliojaa hofu ulivukia Zaire, Kongo ya leo, na katikati ya umati huo walikuwamo askari wa jeshi la serikali lililoshindwa na wanamgambo wa Interahamwe. Kambi za Kashusha na Inera zilijaa wakimbizi, na wanajeshi wengi wakakusanyika Panzi. Viongozi waliokuwa wakitoa amri Rwanda waliendelea kutoa amri kambini, na raia akawa ngao yao.

Oktoba 1996 vita vilivyozuka mashariki mwa Zaire vilizivunja kambi hizo. Wengi walirudi nyumbani. Wengine waliingia msituni, wakaelekea magharibi hadi Tingi-Tingi na kwingineko. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliorodhesha mauaji ya wakimbizi katika safari hiyo, na serikali ya Rwanda iliikataa. Waliosalimika walitoka huko na woga mkubwa wa kurudi, na woga huo makamanda wao waliutumia kwa miaka mingi. Wapiganaji hao wakaunda kundi la waasi la ALIR, kisha mwaka 2000 likazaliwa FDLR.

Tuwatazame maofisa wawili. Paul Rwarakabije alikuwa ofisa wa jandarmeri kabla ya 1994. Aliwaongoza abacengezi, yaani waasi waliojipenyeza mpakani, walioshambulia kaskazini-magharibi mwa Rwanda mwaka 1997 na 1998, kisha akawa mkuu wa wapiganaji wa FDLR. Novemba 2003, baada ya mazungumzo ya siri na Kigali, alirudi na wapiganaji wapatao mia moja. Baadaye aliingia katika tume inayowarejesha wapiganaji wa zamani katika maisha ya kiraia, na mwaka 2011 akateuliwa kuongoza idara ya magereza ya nchi.

Sylvestre Mudacumura, aliyetoka katika kikosi cha kumlinda Rais Habyarimana, alishika nafasi aliyoiacha Rwarakabije. Mei 2009 wapiganaji wa FDLR walishambulia kijiji cha Busurungi, wilayani Walikale, wakaua raia wasiopungua 96, baadhi yao wakichomwa moto nyumbani mwao. Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Mudacumura kwa uhalifu wa kivita. Hakufikishwa mahakamani. Aliuawa Rutshuru, Septemba 2019.

Kati ya hao wawili walikuwako maelfu wa vyeo vya chini, na maisha yao hayakuwa vita kila siku. Mpiganaji alijenga kibanda cha miti na kukiezeka kwa shitingi, akaoa, akalima mahindi na maharage, akasubiri amri ya kuhama. Kundi lilijilisha kwa kodi za soko, kwa barieri njiani, kwa makaa na kwa madini. Katika maeneo kadhaa ya Kivu Kaskazini mwanakijiji alitozwa malipo yaliyoitwa "lala salama", akapewa jetoni, yaani kithibitisho cha malipo, ya kuonyesha barierini. Asiyekuwa nayo alipigwa au alilazimishwa kufanya kazi. Basi mkulima wa Kongo, ambaye hakuhusika kamwe na ugomvi wa Kigali, ndiye aliyeulipia kwa jasho lake, na wanawake wengi waliulipia kwa miili yao.

Watoto waliozaliwa huko walikua bila kuiona Rwanda. Waliijua kwa simulizi za makamanda tu: kwamba anayevuka mpaka huuawa. Ndiyo maana redio ilikuwa na nguvu kubwa. Umoja wa Mataifa ulirusha sauti za waliorudi, wakitaja vijiji vyao na kuwasalimu wenzao walioachwa msituni. Makamanda waliwakataza askari wao kusikiliza.

Lakini vita vya waasi haviishi kwa kuuawa kiongozi kama Mudacumura, na si Kongo tu. Huko Punjab, India, jeshi lilivamia Hekalu la Dhahabu la Amritsar mnamo Juni 1984 na kumuua Jarnail Singh Bhindranwale, aliyeongoza Masingasinga wenye silaha. Uasi wa kudai nchi ya Khalistan haukufa naye. Uliendelea karibu miaka kumi, na familia nyingi hadi leo zinawatafuta vijana waliopotea mikononi mwa polisi. Masingasinga hao walidai nchi yao wenyewe; FDLR walitaka kurudi madarakani. Lakini katika pande zote mbili, mabavu peke yake yaliwapa makamanda hoja mpya ya kuwaambia vijana.

Hapa wilayani Rusizi tumeuona mwisho wa njia ya msituni kwa macho. Desemba 2019, baada ya jeshi la Kongo kulishambulia kundi la CNRD lililojitenga na FDLR mwaka 2016, wapiganaji na familia zao waliletwa mpakani kwetu kwa malori. Wanawake na watoto walipokelewa kituo cha Nyagatare, na wapiganaji wakapelekwa Mutobo, wilayani Musanze, ambako zaidi ya 10,000 wamepita tangu mwaka 2001 wakijifunza upya uraia na ufundi.

Mlango wa kurudi nyumbani umepunguza wapiganaji kuliko operesheni yoyote. Ila mlango huo si msamaha wa mauaji ya kimbari. Aliyeua ajibu mahakamani, iwe Kigali, Arusha au The Hague. Aliyezaliwa porini hana deni la baba yake. Jirani, mtoto wa namna hiyo akija kukaa katika mtaa wako Kamembe au Bugarama, mpe nafasi shuleni na kazini, maana ukimfukuza, kuna kamanda ng'ambo anayemngoja kwa hamu.

Wiki ijayo: jinsi Mutobo inavyofanya kazi.