Mipira ya Silikoni Kwenye Kompresa: Funga Upepo, Rangi Baadaye

Ukikaa kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi hukosi kuiona: Benzi C-Class, nyuma imeandikwa C 200 KOMPRESSOR. Nyingi zimeingia zikiwa zimeshatumika Japani, na kwa mwenye kuzitunza bado zinakwenda vizuri. Ila zile zenye injini ya M271 ya lita 1.8, iliyotoka mwaka 2002, zimefika umri ambao chuma bado ni kizima lakini mpira umechoka. Ndipo watu wanapoanza kuulizia mipira ya silikoni ya intakula, ile ya bluu na nyekundu inayoonekana kwenye magari ya mashindano.

Swali ni zuri na linastahili jibu la haki, maana fedha nyingi zinapotea hapo. Mpira wa silikoni hauongezi nguvu. Kazi yake ni kuzuia nguvu uliyokwisha kuilipia isivujie njiani, na kazi hiyo itafanyika ikiwa tu umefungwa na mtu anayejua udhaifu wake.

Kompresa ya magari haya ni ya aina ya Roots, jina la ndugu wawili wa Indiana, Marekani, waliopata hataza ya mashine yao ya kusukuma hewa mwaka 1860, magari yenyewe hayajazaliwa. Mercedes walionyesha magari ya kompresa Berlin mwaka 1921, wakairudisha kompresa kwenye C-Class mwaka 1995. Mkanda wa injini unazungusha rota mbili, nazo zinaisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Adui ni joto. Chukua hewa ya mchana wa Dar, nyuzi 30, uiongezee mgandamizo wake kwa nusu tu. Kwa jinsi rota hizi zinavyopoteza nguvu, hewa hiyo itatoka ikikaribia nyuzi 90. Hewa ya moto inabeba oksijeni kidogo na inaifanya injini igonge. Intakula, ile rejeta ya hewa iliyokaa mbele, ikiishusha hadi nyuzi 50, silinda ileile kwa mgandamizo uleule inapata hewa zaidi kwa asilimia 10 na kitu.

Mipira ndiyo inayoipeleka hewa hiyo kwenye intakula na kuirudisha. Upande mmoja umeshikana na injini inayotikisika, upande wa pili na intakula iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo kila gari likiondoka mpira unapindwa. Nyufa huanzia shingoni, pale klipu inapobana. Ukiwa mahali pake mpira unaweza kuonekana mzima kabisa. Utoe, uukunje kwa vidole, na mistari myembamba itafunguka hadi uone nyuzi za kitambaa kilichofichwa ndani.

Kwenye gari ambalo sensa ya hewa iko kabla ya kompresa, uvujaji unaleta shida mbili kwa mpigo. Nguvu inapungua, na petroli inazidi, kwa sababu kompyuta inapiga hesabu ya hewa ambayo imeshatoroka njiani. Na hapa ndipo wengi wanapouziwa plagi, koili, hata pampu ya petroli. Injini ikiachwa inguruke bila kukanyagwa mafuta, mlango wa pembeni wa kompresa unakuwa wazi na mgandamizo kwenye mipira ni kama haupo. Fundi akiinamisha sikio juu ya injini hasikii kitu, anasema mipira ni mizima. Njia ya uhakika ni kuziba njia ya hewa, kujaza upepo kidogo wa pampu au moshi wa mashine ya kutafutia uvujaji, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu litakuonyesha.

Sasa silikoni. Inavumilia joto hadi karibu nyuzi 200 bila kukakamaa, na iliyoundwa vizuri ina tabaka tatu au nne za kitambaa cha poliesta kinachoizuia isivimbe. Lakini ina udhaifu ambao wauzaji hawautaji: silikoni ya kawaida haipatani na oili. Ikilowa oili inavimba, inalainika, mwisho inachomoka kwenye bomba. Injini za M271 zinajulikana kwa mipira ya kupumulia inayopasuka kwa uzee, na mvuke wa oili kutoka huko unaingia kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo pitisha kidole ndani ya mpira wa zamani. Kikitoka cheusi na chenye utelezi, anza na mfumo wa kupumua, kisha toa intakula uioshe ndani na kuikausha. Hata baada ya hapo nunua mpira wenye ngozi ya ndani ya fluorosilikoni, inayostahimili oili. Mimi nisingenunua usiokuwa na ngozi hiyo kwa injini hii, hata ningepunguziwa bei nusu.

Ufungaji ni kazi ya utulivu. Ncha za mabomba zisafishwe mpaka zikauke kabisa. Ukitaka mpira uingie kirahisi tumia maji ya sabuni au spiriti, kamwe si grisi wala oili. Usiusukume kwa bisibisi, kwa kuwa silikoni ikikwaruzwa kidogo mchaniko unaendelea wenyewe. Klipu za kawaida zenye matundu ya meno nazo zinaikata nyama yake. Tafuta zenye bati laini upande wa ndani, au za bolti. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye ncha ya bomba. Ikikaa juu yake, siku ya kulipita lori kwenye mlima wa Kitonga mpira utachomoka. Wala usikaze kwa hasira: tangi za pembeni za intakula nyingi ni za plastiki, na plastiki ya miaka 15 haisamehe.

Kwa gari la kwenda kazini na kurudi, mpira wa asili mpya, yaani wa aina iliyokuja na gari, ukipatikana kwa bei ya karibu, chukua huo. Unaingia bila kukatwa na oili haiutishi haraka. Silikoni inafaa zaidi pale wa asili haupatikani, au mwenye gari amebadilisha puli ya kompresa ili kuongeza mgandamizo.

Ukishafunga, endesha siku chache, kisha fungua boneti asubuhi injini ikiwa ya baridi na uzipitie klipu zote kwa spana. Silikoni hunywea kidogo baada ya kupata joto mara za mwanzo, na klipu iliyokuwa imebana vizuri gereji utaikuta inahitaji nusu mzunguko.