Kipimo cha Mlango wa Kizazi: Jibu Lake Lasema Nini?

Maradhi mengi hubisha hodi. Homa huchemsha mwili, kifua hukohoa, jipu huvimba na kuuma, na mgonjwa hata akitaka kuficha hawezi. Saratani ya mlango wa kizazi haina adabu hiyo. Huanza kwa mabadiliko madogo ambayo mwanamke hayahisi, na tangu mabadiliko hayo hadi saratani yenyewe aghalabu hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu, muda huo hupungua ukawa miaka 5 hadi 10. Damu inapoanza kutoka wakati usio wake, au baada ya tendo la ndoa, mara nyingi ugonjwa umekwisha kukaa kitako. Hapa Kenya zaidi ya wanawake 3,000 hufariki kila mwaka kwa saratani hii.

Miaka hiyo ya kimya ndiyo fursa yetu. Uchunguzi tunaouzungumzia humtafuta mwanamke mzima, anayepika, anayesafiri, anayelea, asiyejiona na ila yoyote. Anayesema, "Mimi siumwi, nikapimwe nini?" ndiye hasa aliyekusudiwa.

Elimu ya uenezi wa maradhi, ambayo wataalamu huiita epidemiolojia, haianzi na mgonjwa mmoja kitandani. Huanza kwa kuhesabu: nani wameugua, nani wamesalimika, na hawa wanatofautiana na wale kwa jambo gani. Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alitangaza aliyoyaona alipopekua kumbukumbu za vifo za mji wa Verona. Saratani ya kizazi iliwaua wanawake walioolewa na wajane, ilhali kwa watawa, ambao hawakuolewa, ilikuwa nadra. Sababu hakuijua, wala wakati ule hakuna aliyeijua. Ilipita zaidi ya karne moja hadi Harald zur Hausen wa Ujerumani na wenzake walipokitambua, mwaka 1983, kirusi cha HPV aina ya 16 ndani ya uvimbe wa saratani hiyo, na punde baadaye aina ya 18. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Basi saratani hii asili yake ni maambukizi, na hapa ndipo panapozuka fitina. Mke hurudi na karatasi inayosema amekutwa na kirusi kinachoambukizwa kwa tendo la ndoa, mume huuliza, "Umekitoa wapi?", mama mkwe husikia, na kabla wiki haijaisha maneno ya talaka yamekwisha kutajwa. Tungependa jambo hili lieleweke vyema, na waume nao walisome.

Kirusi cha HPV hupita kwa mgusano wa ngozi, na ni cha kawaida mno: wengi wa walioanza maisha ya unyumba hukipata wakati mmoja au mwingine. Mwanamume hukibeba asijue, kwani kwake aghalabu hakitoi dalili. Kwa wanawake wengi kinga ya mwili hukifuta ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubaki, na chaweza kunyamaza miaka mingi kabla ya kipimo kukikuta. Mke aliyeolewa mwanamwali na asiyemjua mwanamume mwingine aweza kukutwa nacho. Mumewe aweza kuwa alikipata katika ndoa iliyotangulia, ya halali kabisa. Mjane aliyeolewa tena aweza kuwa nacho tangu enzi za marehemu. Hakuna kipimo kinachoweza kueleza kiliingia lini wala kilitoka kwa nani, na daktari anayedai kujua amesema asilolijua. Sheria yetu imeweka sharti la mashahidi wanne kwa anayemtuhumu mwanamke kwa zinaa, na adhabu kwa asiyewaleta. Karatasi ya maabara haimo katika hao wanne.

Tuje kwenye jibu lenyewe. Wengi hudhani kipimo kina majibu mawili tu, uzima na mauti. Hebu tufanye hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano. Wanawake 1,000 wamejitokeza, na kati yao 20 wana mabadiliko ya hatari. Kipimo chetu ni kizuri: kila wenye mabadiliko 10, kinawakamata 9. Kitawakamata 18, na 2 watamponyoka. Waliobaki 980 ni wazima, lakini kipimo hukosea kwa mzima 1 katika kila 10, kwa hiyo 98 wataambiwa kuna jambo ilhali hakuna. Jumla ya watakaoitwa tena ni 116, na wenye shida ya kweli ni 18. Yaani katika kila wanawake sita walioingiwa na hofu siku ile, watano hawana kitu.

Hesabu hiyo ina pande mbili. Aliyeitwa tena asianze kuandika wasia. Ameitwa ili aangaliwe kwa makini zaidi. Na aliyeambiwa yu salama asiseme amemaliza, kwa kuwa wale wawili walioponyoka nao waliambiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na ugonjwa unaokwenda polepole hutoa nafasi ya kuurudia. Si kila maradhi yanafaa kutafutwa kwa watu wazima namna hii. Tangu mwaka 1968, Wilson na Jungner walipoliandikia Shirika la Afya Duniani masharti yake, hutakiwa ugonjwa uwe na kipindi cha kujificha, kipimo kiwe kinakubalika kwa watu, na tiba iwepo. Saratani hii yatimiza masharti hayo kuliko nyingi.

Kipimo cha siki ni chepesi. Muuguzi hupaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Cha pili hutafuta kirusi chenyewe katika sampuli, na ndicho Shirika la Afya Duniani linachokipendelea: kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Anayetumia siki na arudie kila miaka 3.

Wanaozuiwa na haya tunawaelewa, wala hatuwacheki. Mwanamke ana haki ya kuomba muuguzi wa kike. Tena sampuli ya kutafuta kirusi yaweza kuchukuliwa na mwanamke mwenyewe, nyuma ya pazia, kwa brashi ndogo laini, bila mtu kumtazama. Aulize kama huduma hiyo ipo zahanatini kwake. Asiende siku za hedhi, na mwenye shaka kuhusu funga na apange siku nje ya Ramadhani.

Kwa mabinti kuna chanjo, ambayo serikali iliianzisha Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Hutolewa mapema kwa kuwa huzuia maambukizi, haiyafuti yaliyokwisha kuingia. Haina kirusi kizima ndani yake, bali ganda lake tu, na uvumi kwamba huua uzazi hauna msingi. Wapo wanaoona kumchanja binti ni kumfungulia mlango wa maovu. Sisi tunaona kinyume: binti aliyelindwa vyema nyumbani kwao ataolewa, na hajui mumewe atakuja na nini. Aliyechanjwa naye atapimwa umri ukifika, kwani chanjo haizuii aina zote. Masomo wanaowafunda bi harusi wetu mambo mengi yenye faida wangeliongeza na hili.

Mabadiliko yakithibitika, aghalabu huondolewa kwa kugandishwa au kuunguzwa kwa joto, kazi ya dakika chache, na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Majimaji hutoka kwa muda, na hilo ni la kawaida. Homa, maumivu makali au damu nyingi ni sababu ya kurudi upesi. Kwa angalau wiki 4 mume na mke hukaa bila tendo la ndoa ili kidonda kipone, kwa hiyo ni bora mume aambiwe mapema, na ikiwezekana afuatane naye akasikie mwenyewe kwa muuguzi. Baada ya mwaka mmoja mwanamke hurudi kupimwa tena. Tarehe hiyo iandikwe kabla hajatoka mlangoni.